Leseni za Daftari Jipya: Tuhesabu Kwanza, Tununue Baadaye



Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa la mafundi peke yao, nalo ni kulihamisha daftari la kompyuta la Chama chetu kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya. Wengi wataliona limeandikwa katika orodha ya mambo ya mkutano, baina ya bei ya majamvi na mikopo ya kuchumia, nao watasema, "Hili ni la makarani, sisi tungoje la mikopo." Twawaombeni msifanye hivyo. Fedha zitakazolipwa ni zenu, daftari lenyewe ni lenu, na namna ruhusa zake zitakavyonunuliwa mwaka huu ndiyo itakayoamua nani ataweza kulisoma kwa miaka mingi ijayo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari hili ndimo yalimoandikwa majina ya wanachama, mashamba yao na idadi ya mikarafuu, mikopo waliyochukua kabla ya kuchuma, majamvi waliyoazimwa, na risiti za uzito wa karafuu walizopeleka kituoni. Limewekwa katika mashine moja kuu, ambayo mafundi huiita seva, katika afisi ya Chake Chake, na makarani wa Wete na Mkoani hulifungua kwa mtandao, kila mmoja mezani kwake. Ni daftari la shirika: wengi huandika kwa pamoja katika kurasa zile zile.

Kwa nini lihamishwe

Yapo maneno kwamba daftari la sasa lafanya kazi vizuri, basi liachwe kama lilivyo. Maneno haya yana haki ya kujibiwa. Programu inayoliendesha ni SQL Server ya kampuni ya Microsoft, toleo la 2014. Kampuni ilikoma kulitolea toleo hilo marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 9 Julai 2024, na anayetaka marekebisho zaidi ya hapo huyalipia mbali. Mashine kuu nayo inaendeshwa na Windows Server 2012 R2, ambayo muda wake wa kawaida ulikwisha tarehe 10 Oktoba 2023.

Maana yake si kwamba daftari litasimama kesho. Litafunguka asubuhi na kufungwa jioni kama siku zote. Maana yake ni kwamba likigunduliwa tundu ambalo mwizi wa mitandaoni anaweza kupita, hakuna wa kuliziba. Ghala yenye paa bovu haivuji siku ya jua, lakini hakuna mwenye akili atakayeweka karafuu kavu ndani yake na huku anaona mawingu. Kwa hiyo sisi twakubaliana na Kamati kwamba daftari lihamishwe, na lihamishwe kabla ya msimu kuanza, si katikati ya msongamano wa mizani. Tunalotaka kulizungumza ni ununuzi wa leseni, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi huweza kupotea bila mtu yeyote kuiba.

Leseni ni kitu gani

Mtu akinunua panga, panga ni lake. Ataliazima, ataliuza, atalirithisha. Programu ya kompyuta ya namna hii hainunuliwi hivyo. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuitumia, kwa masharti yaliyoandikwa. Sisi watu wa Pemba hatuna taabu ya kulielewa hili, kwani tunakodishana mikarafuu kila msimu. Mwenye kukodi amelipia mazao ya msimu ule. Hakununua miti wala ardhi. Na mapatano yakisema miti hamsini, hana haki ya kupanda mti wa hamsini na moja, hata kama uko jirani na umejaa.

Leseni nayo ina idadi yake. Anayenunua pungufu anatumia asicholipia, na hilo ni kosa: Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na programu za kompyuta zimo katika kazi zinazolindwa. Anayenunua zaidi ametupa fedha za wanachama. Kwa hiyo hesabu sharti iwe sahihi pande zote mbili, kama mizani.

Ruhusa za zamani hazifungui mlango mpya

Jambo la kwanza la kujua ni hili. Watu wengi hudhani kuwa, kwa kuwa Chama kilikwisha kununua leseni za makarani zamani, sasa itanunuliwa programu mpya ya mashine kuu tu, na zile ruhusa za makarani zitaendelea. Sivyo. Ruhusa ya kuingia katika toleo la 2014 haimpi karani haki ya kuingia katika toleo la 2022. Kinyume chake chawezekana: ruhusa mpya hufungua na toleo la zamani. Waliosalimika ni wale tu ambao walinunua leseni pamoja na mkataba wa kupata matoleo mapya, na mkataba huo ukawa bado hai siku toleo jipya lilipotoka. Basi jambo la mwanzo la kufanya ni kuzitafuta hati za ununuzi wa zamani katika makabati ya afisi na kuona zinasema nini.

Jambo la pili ni kuwa daftari halihami peke yake. SQL Server 2022 haikubali kukaa juu ya Windows Server 2012 R2. Yataka Windows Server 2016 au iliyo mpya kuliko hiyo. Kwa hiyo anayebadilisha daftari amekwisha kulazimika kubadilisha na msingi wake. Na huo msingi una leseni zake mbali. Leseni za Windows Server huhesabiwa kwa viini vya prosesa, yaani zile sehemu ndani ya prosesa ambazo kila moja hufanya kazi kama karani mmoja. Kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila mashine, hata kama mashine yako ina viini vinne tu. Juu ya hayo, kila mtu au kila kifaa kinachoitumia mashine hiyo chahitaji ruhusa ya kuingilia. Karani mmoja, kwa hesabu ya vichwa, huenda akahitaji ruhusa mbili: moja ya lango la kiwanja na moja ya mlango wa ghala.

Kwa sababu hiyo twasema: makadirio yoyote ya bei yatakayoletwa mbele ya Kamati yakiwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "programu ya daftari", yarudishwe kwa aliyeyaleta. Yaandikwe upya, yaoneshe leseni ya daftari, leseni ya msingi wake, ruhusa za watumiaji wa daftari, na ruhusa za watumiaji wa msingi, kila moja mstari wake na idadi yake.

Njia mbili za kuhesabu

Toleo la kawaida la SQL Server 2022, liitwalo Standard, huuzwa kwa njia mbili, na mnunuzi huchagua moja.

Njia ya kwanza ni ya vichwa. Unanunua leseni moja ya mashine kuu, kisha unanunua ruhusa kwa kila anayeingia. Ruhusa hizo ni za namna mbili: ya mtu na ya kifaa. Ruhusa ya mtu humfuata mtu yule yule popote alipo, akitumia kompyuta ya afisi, au ya nyumbani, au simu. Ruhusa ya kifaa hukaa na kompyuta moja, na yeyote atakayekaa mbele yake yumo ndani ya ruhusa.

Njia ya pili ni ya viini. Hapa hauhesabiwi mtu wala kifaa. Vinahesabiwa viini vyote vya mashine kuu, kwa uchache vinne kwa kila prosesa, navyo huuzwa viwili viwili. Ukishalipa, waingie watu kumi au elfu kumi, hapana anayeuliza upande wa daftari.

Tufanye hesabu kwa mfano, ili kila mtu aone. Tuseme wakati wa msimu afisi na vituo vina makarani 24 wanaofanya kazi kwa zamu mbili, wakishirikiana kompyuta 12. Tuseme tena wapo maafisa sita wanaozunguka mashambani, na kila mmoja ana kompyuta yake afisini na kifaa kingine mkononi. Watu wote ni 30, na vifaa vyote ni 24.

Bei za orodha zilizotangazwa na kampuni yenyewe kwa toleo la 2022 zilikuwa dola za Marekani 989 kwa leseni ya mashine kuu, dola 230 kwa kila ruhusa, na dola 3,945 kwa kila viini viwili. Bei za muuzaji wa hapa zaweza kuwa tofauti, na Kamati itaziulizia; sisi tunazitumia kwa kupima tu.

Tukinunua ruhusa za watu kwa wote 30, tutalipa dola 6,900 na ile 989 ya mashine, jumla dola 7,889. Tukinunua ruhusa za vifaa kwa vyote 24, ni dola 5,520 na 989, jumla dola 6,509. Tukichanganya, na kuchanganya kwaruhusiwa, yaani ruhusa 12 za vifaa kwa kompyuta za zamu na ruhusa sita za watu kwa maafisa wa mashambani, ni ruhusa 18 tu: dola 4,140 na 989, jumla dola 5,129. Tofauti ya hesabu ya kwanza na ya mwisho ni dola 2,760, na programu ni ile ile, makarani ni wale wale, kazi ni ile ile. Fedha hizo zimeokolewa na mtu aliyekaa na karatasi akaandika nani anakaa wapi na kwa saa ngapi.

Sasa tuitazame njia ya viini. Mashine yenye prosesa moja ya viini vinne yataka jozi mbili, yaani dola 7,890. Angalieni jambo la ajabu: watu 30 kwa ruhusa za vichwa ni dola 7,889, na viini vinne ni dola 7,890. Hapo ndipo njia mbili zinapokutana. Chini ya ruhusa 30, vichwa ni rahisi. Zikizidi 30, viini vinne ni rahisi. Lakini fundi akinunua mashine ya viini vinane kwa kuwa ilikuwa katika punguzo dukani, gharama ya leseni inarukia dola 15,780. Kwa hiyo mashine isinunuliwe kabla ya leseni kuhesabiwa. Mashine rahisi yaweza kuzaa leseni ghali.

Mchukuzi mmoja hafuti wenye mzigo

Upo ujanja unaosemwa sana katika maafisi, na twapenda kuutaja mapema ili usije ukaletwa mkutanoni kama habari njema. Husemwa hivi: makarani wasiingie katika daftari moja kwa moja, bali waingie katika programu nyingine ya katikati, na hiyo programu ndiyo iingie katika daftari kwa jina moja. Daftari litamwona mtu mmoja tu. Basi inunuliwe ruhusa moja.

Masharti ya leseni yamelikataa jambo hili waziwazi. Wanaohesabiwa ni watu au vifaa vilivyo mwisho wa njia, si mlango waliopitia. Wanachama kumi wakimpa mchukuzi mmoja magunia yao ayafikishe kituoni, aliyefika mbele ya mizani ni mtu mmoja, lakini risiti zinaandikwa kumi, kwa kuwa wenye karafuu ni kumi. Anayeshauri vinginevyo hatakuwepo siku hesabu itakapokaguliwa. Chama ndicho kitakachokuwepo.

Na wapo watakaosema, mbona nakala za wizi zapatikana bure mitaani? Zapatikana. Lakini mbali na sheria, nakala iliyovunjwa kufuli imekwisha kupita mikononi mwa mtu tusiyemjua, na hatujui aliweka nini ndani yake. Hatuwezi kukabidhi majina ya wanachama na deni za kila mmoja kwa mtu kama huyo kwa ajili ya kuokoa dola.

Na mwanachama je?

Hadi hapa tumehesabu makarani na maafisa. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa, nayo haijatajwa katika mazungumzo tuliyoyasikia. Mwenye daftari je? Yeye atahesabiwa wapi?

Leo mwanachama wa Micheweni anayetaka kujua deni lake la mikopo ya kuchumia limebaki kiasi gani, au kama risiti yake ya wiki iliyopita imeingizwa kwa uzito ulio sawa, hana njia ila kupanda gari hadi afisini, kungoja karani amalize kazi, na kuomba asomewe. Na kusomewa si sawa na kusoma. Siku hizi wengi wetu tunazo simu ambazo zaweza kufungua ukurasa na kuonesha hesabu ya mtu mmoja, kwa namba yake ya siri, bila ya kuona ya mwenziwe. Ufundi wa jambo hili si mgumu, na umekwisha kuzoeleka katika mabenki na katika kutumiana fedha.

Lakini tazameni nini kitatokea kwa leseni. Tukinunua kwa vichwa, mwanachama anayefungua hesabu yake kwa simu naye ni kichwa. Atahitaji ruhusa yake, dola 230 kwa bei ile ya mfano. Hakuna Chama cha wakulima kitakachoweza kulipa hivyo kwa kila mwanachama, na matokeo yake tunayajua: mlango wa wanachama hautafunguliwa kamwe, na sababu itakayotolewa ni kwamba "leseni haziruhusu". Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kuokoa dola chache katika mwaka mmoja utakuwa umemfungia nje mwenye mali kwa muda wote wa maisha ya programu, na SQL Server 2022 imepangiwa kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 11 Januari 2033.

Ndiyo maana twasema kwamba swali la kwanza la kuhesabu leseni si "Ni bei gani?" wala "Tuna makarani wangapi?" Swali la kwanza ni "Tunataka nani alisome daftari hili?" Jibu letu sisi ni kwamba alisome mwanachama. Na mkutano ukikubaliana nasi, basi hesabu ya vichwa imekwisha kuanguka yenyewe, hata kama kwa makarani peke yao ndiyo iliyo rahisi.

Kabla ya kulipa, tupime uzito wa daftari

Zimebaki basi njia ya viini, na njia nyingine ambayo wauzaji hawana haraka ya kuitaja, kwa sababu haina faida kwao. SQL Server ina toleo dogo liitwalo Express, ambalo halilipiwi chochote, na halidai ruhusa ya mtu wala ya kifaa. Lina mipaka yake. Katika toleo la 2022, daftari moja haliwezi kuzidi GB 10; katika toleo la 2025 mpaka umepandishwa hadi GB 50. Halitumii zaidi ya viini vinne, na kumbukumbu inayoshikilia kurasa zinazosomwa haizidi MB 1,410. Tena halina kile chombo cha ndani cha kupanga kazi zijiendeshe zenyewe usiku, kama kupiga nakala za akiba. Kazi hizo lazima zipangwe kwa njia nyingine.

Je, GB 10 zatutosha? Hili halijibiwi kwa kukisia. Maandishi ni mepesi. Risiti moja yenye jina, namba, tarehe, kituo, daraja na uzito, hata tukiipa nafasi ya herufi 1,000, GB 10 zachukua risiti kama milioni kumi. Hakuna msimu wala misimu kumi itakayoijaza nafasi hiyo kwa maandishi. Lakini picha ni nzito. Hati ya shamba iliyopigwa picha huweza kuchukua MB 2, na picha kama 5,000 za namna hiyo zamaliza GB 10 zote. Ikiwa daftari letu ni zito, basi yaelekea uzito huo ni wa picha, si wa hesabu. Na picha zaweza kuhamishiwa katika kabati lake mbali ndani ya mashine, na daftari likabaki na namba ya kuonesha zilipo.

Basi fundi wetu afungue daftari, aandike uzito wake katika karatasi, na aandike ni kiasi gani ni picha. Kazi hiyo haichukui siku nzima. Ikionekana kuwa daftari bila picha ni jepesi, hapana sababu ya Chama kulipa maelfu ya dola kwa daftari ambalo lingekaa vizuri katika toleo lisilolipiwa. Itabaki gharama ya msingi, yaani Windows Server na ruhusa zake za kuingilia. Na hata hiyo si lazima, kwani tangu toleo la 2017 SQL Server huweza kukaa juu ya Linux, ambayo ipo ya kutumiwa bila malipo.

Njia nyingine ni kuacha kabisa programu za kulipia na kuhamia PostgreSQL, ambayo asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia na kuinakili bila ada, hapana kuhesabu vichwa wala viini, na kila toleo lake kubwa hupata marekebisho kwa miaka mitano. Sisi tunaiheshimu njia hii, lakini hatutaki mtu aambiwe kuwa ni ya bure kabisa. Programu yetu ya makarani iliandikwa kwa lugha ya SQL Server, na sehemu zake kadhaa zitahitaji kuandikwa upya na kujaribiwa. Fedha zisizokwenda kwenye leseni zitakwenda kwa fundi. Tofauti ni kwamba fundi huyo aweza kuwa kijana wetu wa hapa hapa, na kazi yake akishaimaliza ni mali ya Chama.

Tunaloiomba Kamati

Hatuiombi Kamati ituamini sisi, wala hatumwombi mwanachama aiamini Kamati kwa kufumba macho. Karafuu hupimwa mbele ya mwenyewe. Leseni nazo zihesabiwe mbele ya wenyewe. Twaomba yafuatayo yawekwe mezani siku ya mkutano, kabla ya hati yoyote kutiwa saini.

Kwanza, orodha ya watu wote wanaoligusa daftari, na vifaa vyote vinavyolifungua, wakati wa msimu na nje ya msimu, kila kituo mbali.

Pili, hati za leseni za zamani, ili ijulikane tuna haki gani zilizobaki.

Tatu, uzito wa daftari, na sehemu ya picha ndani yake.

Nne, makadirio matatu yaliyowekwa sambamba: ya vichwa, ya viini, na ya njia isiyolipiwa pamoja na ujira wa fundi. Na katika kila moja iandikwe kama mwanachama ataweza kusoma hesabu yake kwa simu, ndiyo au la.

Tano, ahadi ya kulijaribu daftari jipya kwa risiti za msimu uliopita kabla ya kulitumia kwa msimu ujao. Kwa SQL Server liko toleo la kujaribia, liitwalo Developer, ambalo halilipiwi. Lakini si halali kulifanyia kazi za kweli, na jaribio likiisha lifungwe.

Majibu ya muuzaji juu ya masharti ya leseni yawe kwa maandishi. Neno la mdomo halina nguvu siku ya ukaguzi.

Tunajua wapo watakaosema kuwa tunachelewesha kazi na msimu u karibu. Haraka twaijua. Lakini orodha ya watu, uzito wa daftari na hati za makabatini ni kazi ya wiki moja kwa karani mwenye bidii, na leseni itakayonunuliwa tutakaa nayo kwa miaka. Mwenye kukodi shamba huzunguka kwanza akahesabu miti, hata jua likimchoma. Kisha ndipo akataja bei. Nasi tuzunguke kwanza.

Wanachama, njooni mkutanoni kwa wingi, na zamu ya jambo hili ikifika msitoke nje kunywa kahawa. Ulizeni kila mmoja kwa lugha yake: katika hesabu hii, mimi nimo au simo?